Mlima Kenya na Wapandaji Wake (3): Magari Yanayolala Langoni

Makala mbili zilizotangulia zilieleza njia za kuupanda Mlima Kenya na kazi ya waongozaji na wapagazi. Leo mfululizo huu unafika langoni, kwenye chanzo cha msongamano wa wikendi ndefu.

Kilomita 15 hivi kutoka Nanyuki, kwenye barabara ya Meru, kuna njia panda ya kwenda Lango la Sirimon. Gari dogo hufika langoni bila taabu, na wengi huliacha hapo, kisha wakatembea kilomita 9 hadi kambi ya Old Moses. Upande wa mashariki, njia ya msituni ya Chogoria huwachuja wasafiri yenyewe: mvua ikinyesha, tope lake huyashinda magari mengi. Kwa hiyo wenye magari ya kawaida huelekea Sirimon au Naro Moru.

Wapandaji wenyewe wamebadilika. Tangu janga la korona la 2020, vikundi vya kupanda milima vimechipuka Nairobi na kwingineko. Wanachama huanzia vilima vya Ngong, huenda Elephant Hill katika Aberdare, na likizo ikiwadia hulenga Point Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Barabara pana ya Kenol–Sagana–Marua, yenye kilomita 84, imewapunguzia uchovu wa safari. Kuongezeka kwa wapandaji wa nyumbani ni habari njema. Mpanda milima Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya mlimani humo Desemba 1963, lakini kwa miaka mingi baadaye wananchi wengi waliuona mlima huo kuwa mahali pa watalii wa kigeni.

Ugumu uko kwenye hesabu ya maegesho. Sokoni, gari huondoka baada ya saa moja na kumpisha jingine. Mlimani, mwenye gari hurudi baada ya siku tatu, nne au tano. Chukua mfano wa lango linalopokea magari 10 kila siku, kila moja likikaa siku nne: linahitaji nafasi 40. Matatu ya abiria 14 inayoshusha watu na kugeuza haihitaji hata nafasi moja ya kulala.

Kwa nini eneo lisipanuliwe? Malango yamo msituni, kwenye njia za tembo na nyati, katika mlima ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1997. Kila nafasi mpya ya gari ina maana ya miti kukatwa.

Tena nafasi hizo zingeongeza uzito huko juu. Wapandaji waliolala kambi ya Shipton huondoka takriban saa tisa usiku ili wawahi jua likichomoza, na wote hukutana kwenye miamba myembamba ya Lenana. Upande wa Naro Moru, kwenye kinamasi kilicho juu ya kituo cha hali ya hewa (Met), kila anayekwepa tope hukanyaga majani pembeni, na njia huzidi kutanuka. Kambi ya Mackinder imo katika bonde la Teleki, ambamo mto Naro Moru hupita ukishuka kuelekea mashamba na nyumba za watu. Choo kikizidiwa huko, wanaohatarishwa ni wanaoteka maji chini.

Wengine wamekwisha kulikabili jambo hili. Hifadhi ya Zion, Marekani, ilianzisha mabasi ya kuwabeba wageni bondeni mwaka 2000, na magari ya binafsi yakazuiwa msimu wa wageni wengi. Huko Wales, anayetaka kuegesha Pen-y-Pass, chini ya mlima Snowdon, sharti ajiwekee nafasi mapema.

Nanyuki ina vifaa vya kufanya vivyo hivyo. Matatu za Timau na Meru hupita njia panda ya Sirimon. Treni ya abiria kutoka Nairobi ilirejeshwa Desemba 2020. Tena, anayepanda kwa Sirimon na kushuka kwa Chogoria gari lake humtatiza tu, maana huwa ameliacha upande wa pili wa mlima.

Kinachokosekana ni mpango: maegesho yenye ulinzi mjini, magari ya kwenda langoni kwa saa zinazojulikana, na idadi ya wapandaji inayopangwa kwa kila lango na kila siku. Ada za hifadhi tayari hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Mfumo huohuo unaweza kumwuliza mgeni lango lake, siku yake na usafiri wake kabla hajaondoka nyumbani. Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), kaunti na wenye matatu wanaweza kuanza na wikendi moja ya sikukuu ya Jamhuri, wahesabu magari, kisha warekebishe. Mji nao utafaidika, kwani anayeacha gari Nanyuki hununua chakula, hulala na huajiri dereva hapohapo.

Makala ijayo itaeleza namna taka na vyoo vya kambini vinavyoshughulikiwa.