Nani Atalipia Kivuli?

Wateja wangu wengi hapa Nairobi hutaka ukuta wa kioo unaotazama magharibi. Ikifika saa kumi jioni, ofisi imekuwa tanuri na kiyoyozi kinakula umeme. Nikipendekeza vivuli vya madirisha, wananiuliza nani atalipa.

Kampuni ya Acorn, inayojenga hosteli, ilipata jibu mwaka 2019. Iliuza hatifungani ya kijani, yaani deni la kugharimia miradi inayotunza mazingira, ya kwanza Kenya, ikakusanya takribani shilingi bilioni 4.3 za kujenga hosteli za wanafunzi zinazotunza mazingira. GuarantCo, kampuni inayodhamini mikopo, ilidhamini sehemu ya deni, na serikali ikasamehe kodi ya riba. Majengo yalilenga cheti cha EDGE cha majengo ya kijani, ambacho wakati huo kilitaka kuokolewa angalau asilimia 20 ya nishati na maji, na pia ya nishati inayotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi.

Sasa nataka nafuu kama hiyo imfikie mwenye nyumba za kupanga kule mtaani Kayole, Nairobi, anayejenga kwa akiba yake, ghorofa moja moja.