Fahamu: Moyo unaolegea ghafla wakati wa upasuaji
Mgonjwa wa kisiwa cha Mfangano, Kenya, anayehitaji upasuaji mkubwa huabiri boti hadi Mbita, kisha hushika barabara kwenda Homa Bay. Hofu humjaa kabla hajafika hospitalini. Kwa wachache, hofu hiyo, maumivu na msukosuko wa upasuaji wenyewe huweza kulegeza msuli wa moyo ghafla.

Hali hii huitwa takotsubo, na madaktari wa Japani waliieleza mwaka 1990. Homoni za mshtuko, hasa adrenalini, hufurika mwilini. Mara nyingi ncha ya chumba cha kushoto cha moyo hushindwa kusukuma damu na kutuna kama puto, huku sehemu ya juu ikiendelea kukaza. Mgonjwa hubanwa kifua na kukosa pumzi. Presha huweza kushuka. Aliyelazwa kwa nusukaputi hawezi kulalamika, hivyo uhai wake umo mikononi mwa anayetazama mashine.

Vipimo vya umeme wa moyo na damu hufanana na vya shambulio la moyo, lakini hakuna mshipa ulioziba wa kuieleza hali hiyo. Wengi wanaoipata ni wanawake waliokoma hedhi. Msuli kwa kawaida hurejea baada ya siku au wiki kadhaa, ingawa siku za mwanzo ni za hatari. Tena, kupandisha presha kwa adrenalini kunaweza kuzidisha madhara.

Naamini mgonjwa anastahili kuelezwa atakachofanyiwa kwa lugha yake, iwe Kisuba au Kiluo, na kutulizwa maumivu mapema. Aliyewahi kupata takotsubo amwambie daktari kabla ya dawa ya usingizi.