Historia na Jiografia kwa Kijana Anayesomea Nyumbani

Wapo vijana wa umri wa sekondari mkoani Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita ambao asubuhi hawavai sare. Mmoja aliacha masomo akafuata maduara ya wachimbaji wadogo. Mwingine ni binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito. Wa tatu wazazi wake wamehama kufuata machimbo mapya, na nafasi yake ya shule ikapotea njiani. Tangu Novemba 2021 Serikali imefungua mlango kwa waliokatiza masomo kurejea darasani, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa mwaka 1975, huendesha masomo ya sekondari nje ya mfumo wa kawaida. Pamoja na hayo, wapo ambao umri, kazi au malezi ya mtoto mchanga huwalazimu kusomea nyumbani, kisha wakafanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Kwa ajili ya familia hizo tunaandika.

Katika nyumba nyingi fedha kidogo iliyopo hutafutiwa mwalimu wa hisabati, nayo historia na jiografia huachwa kijana ajisomee, kwa dhana kwamba hayo ni masomo ya kukariri tu. Dhana hiyo ina gharama. Ada ya mtihani ikishalipwa hairudi, na mwaka ukipita haurudi pia.

Jambo la kwanza ni kujua kijana atafanya mtihani mwaka gani na kwa muhtasari upi. Tangu 2024 nchi yetu imo katika kipindi cha kubadilisha mitaala kwa hatua, na miongoni mwa masomo mapya ni Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kitabu cha historia kilichorithiwa kwa kaka mkubwa, au kilichonunuliwa kwa bei nafuu sokoni, chaweza kuwa kizuri chenyewe na bado kisiwe cha mtihani unaomkabili mdogo wake. Kabla ya kununua chochote, mzazi afike kwenye kituo kinachosajili watahiniwa wa kujitegemea, aulize muhtasari utakaotumika mwaka huo, aupate mkononi. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana pia katika maktaba mtandao ya taasisi hiyo, na simu moja ya familia yatosha kuvisoma.

Jambo la pili ni lugha. Jiografia ya sekondari huandikwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ilhali mazungumzo ya nyumbani kwetu ni Kisukuma na Kiswahili. Tunashauri kila mada ielezwe kwanza kwa lugha ya nyumbani hadi ieleweke, ndipo kijana aandike maelezo yake kwa Kiingereza. Vilevile jiografia haisomwi kwa maelezo matupu. Ina usomaji wa ramani, takwimu na tafsiri ya picha, mambo yanayotaka rula, penseli na mazoezi ya kila juma. Kitabu kisicho na ramani za kufanyia mazoezi hakimfai anayesoma bila mwalimu.

Jambo la tatu ndilo lenye faida kubwa zaidi: masomo haya mawili yasomwe pamoja, na yaanzie hapa tulipo.

Chukua ngitili, yale malisho ambayo wazee wetu waliyatenga kwa ajili ya kiangazi. Enzi za ukoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Kilimo cha pamba kikapanuka. Kisha uhamisho wa watu kwenda vijijini miaka ya 1970 ukawatenga wengi na ngitili zao. Ardhi ikawa kame, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliozirejesha ngitili kwa kutumia maarifa ya wenyeji wenyewe. Humo mna mmomonyoko wa udongo na mifugo ya jiografia, mna na ukoloni na vijiji vya historia. Tena babu aliyeyaona hayo huenda amekaa barazani, tayari kuulizwa.

Chukua bomba la maji yatokayo Ihelele, ufukweni mwa Ziwa Victoria, hadi Kahama na Shinyanga. Ziwa hilo ni chanzo cha mto Nile, na mwaka 1929 Uingereza iliafikiana na Misri kwamba nchi zilizo chini yake zisifanye kazi yoyote ya kupunguza maji yaendayo Misri bila ridhaa ya Misri. Tanganyika huru ikatamka mwaka 1962 kwamba haifungwi na mapatano hayo. Kijana anayechota maji bombani akilijua hilo, hataona taabu kueleza maana ya mikataba ya kikoloni.

Chukua madini: almasi iliyogunduliwa Mwadui na John Williamson mwaka 1940, mgodi wa Geita uliochimbwa tangu enzi za Waingereza, ukafungwa miaka ya 1960, ukafunguliwa upya mwaka 2000, na zebaki ambayo wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu, ikadhuru maji na miili. Kijana aliyetoka kwenye maduara anaijua nusu ya mada hiyo tayari. Kazi ya mzazi ni kumwonyesha kwamba ujuzi huo una nafasi katika karatasi ya mtihani.

Mifano ya nyumbani haiwi badala ya muhtasari. Dunia nzima imo humo, kuanzia mapinduzi ya viwanda hadi volkano, na lazima isomwe yote. Basi tunapendekeza siku nne kwa juma: mbili za historia, mbili za jiografia, saa moja na nusu kila siku baada ya Alasiri, na kila Alhamisi kijana ajibu swali moja la mitihani iliyopita kwa saa, kisha mtu mwingine alisome jibu lake. Mzazi asiyejua Kiingereza amwombe mwalimu wa jirani au kijana aliyemaliza kidato cha sita. Wasomaji wetu walio walimu, tunawaomba wasikatae wakiombwa: kusoma karatasi moja kwa juma ni kazi ya robo saa.