Tulijue Gari Letu: Propela Ikilegea, Usiilaumu Sili

Habari za mabasi kung'olewa namba kwa ubovu alfajiri, abiria wakiwa wamekwishapanda, hurudi mara kwa mara magazetini. Ubovu unaotajwa ni uleule: breki, matairi, usukani. Propela hutajwa kwa nadra, na oili inayovuja nyuma ya gia boksi huchukuliwa kuwa uchafu wa kupangusa tu. Ni kosa kubwa. Makala zilizotangulia zilieleza klachi na gia boksi. Leo tunatoka nyuma ya gia boksi kuelekea difu, na nakiri kwamba hakuna sehemu ya gari ninayoipenda kuliko hii.

Gia boksi imefungwa kwenye chesisi, haiendi popote. Difu hupanda na kushuka pamoja na springi kila tairi linapopita shimoni. Fimbo iliyonyooka haiwezi kuviunganisha hivi viwili. Ingevunjika siku ya kwanza. Ndiyo maana kila mwisho wa propela, fimbo inayoviunganisha, una krosi, msalaba mdogo wa chuma wenye ncha nne, kila ncha ikizunguka ndani ya kikombe chenye beringi za sindano.

Sifa za kiungo hiki mara nyingi hupewa Gerolamo Cardano, tabibu na mwanahisabati wa Italia aliyeishi kuanzia 1501 hadi 1576. Lakini aliyekichambua kwa undani ni Mwingereza Robert Hooke, katika kitabu alichokitoa mwaka 1676 kuhusu vyombo vya kutazamia jua. Magari hayakuwapo; Hooke alikuwa akishughulika na anga na saa za jua. Aligundua jambo ambalo jicho haliwezi kuliona: krosi ikizunguka ikiwa imepinda, upande unaosukuma huenda kwa mwendo sawa, ila upande unaosukumwa hupitia vipindi viwili vya kuongeza kasi na viwili vya kuipunguza katika kila mzunguko. Alitambua hata kwamba kuyumba huko kunafanana na namna kivuli cha saa ya jua kinavyotembea. Baadaye akapata dawa: weka krosi ya pili upande wa pili wa fimbo na uipange sawasawa na ya kwanza, ili kasoro ya moja ifutwe na ya nyingine.

Zaidi ya miaka 200 ilipita. Magari ya mwanzo mengi yaliendeshwa kwa minyororo, yenye kelele na iliyojaa vumbi na matope. Clarence Spicer, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alibuni kiungo kilichofaa gari, akapata hataza mwaka 1903, na mwaka uliofuata akaanza kukitengeneza kwa ajili ya soko. Vijana wetu wa vyuo vya ufundi wanapaswa kusimuliwa habari hii kabla hawajashika spana. Anayejua kwa nini kitu kimefanywa vile hawezi kukiharibu kwa haraka zake.

Chukua propela ya basi yenye vipande viwili, vinavyochomekana kwa meno. Fundi anaivuta, anaisafisha, kisha anairudisha popote meno yanapokubali. Krosi mbili sasa hazijapangwa sawa, na ile kasoro aliyoigundua Hooke, badala ya kufutwa, inabaki na kuongezeka. Gari linatetemeka, mwenye gari ananunua matairi mapya, mtetemo uko palepale. Mstari mmoja wa rangi nyeupe, uliochorwa kwenye vipande vyote viwili na kwenye flenji ya difu kabla ya kufungua nati ya kwanza, ungezuia hasara yote hiyo. Natamani kila gereji iwe na kopo la rangi kando ya jeki.

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Kama gari linatetemeka, shika mwendo uleule kisha badili gia. Mtetemo usipobadilika, ubovu uko nyuma ya gia boksi, kwa kuwa propela hufuata kasi ya magurudumu. Mlio wa "kong" unapoondoka au kubadili gia ni dalili nyingine. Kisha egesha mahali tambarare, weka vizuizi mbele na nyuma ya matairi, ingia chini. Shika propela kando ya krosi, izungushe na uisukume juu na chini. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Vumbi la rangi ya kutu kuzunguka vikombe lina maana kwamba girisi ilikwisha zamani.

Kwa oili, safisha kwanza, endesha kidogo, kisha tazama. Upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo chanzo ni sehemu iliyolowa iliyo mbele na juu kabisa. Nyekundu kwa kawaida ni ya gia boksi ya otomatiki. Nzito yenye harufu ya salfa ni ya gia. Ikitoka pale propela inapoingia gia boksi, wengi hubadilisha sili na kwenda zao. Sili ni mpira tu wa kuzuia oili isivuje. Kama bushi iliyo ndani imelika au krosi imekufa, shingo ya propela hupigapiga, na sili mpya itachanika kama ile ya zamani. Pitisha ukucha kwenye shingo hiyo: ukikwama kwenye mfereji, nayo ibadilishwe. Tazama pia kipumulio cha gia boksi. Kikiziba, hewa moto husukuma oili nje hata sili ikiwa mpya.

Krosi mpya iingizwe kwa jiliwa, si kwa nyundo. Sindano moja ikianguka ndani ya kikombe, krosi haitakaa. Sili ipakwe girisi, mdomo wake uelekee oili, igongwe taratibu pande zote. Nati zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Wenye Land Rover za zamani wasikilize zaidi. Hendibreki yao iko nyuma ya gia boksi, si magurudumuni. Sili ya hapo ikivuja, oili huingia kwenye ngoma ya breki. Na propela ya nyuma ikichomoka, hendibreki huenda isishike gurudumu lolote. Ubovu wa shilingi chache unakuwa msiba mlimani.

Kuongeza oili kila wiki huku chanzo kikiachwa ni kuficha ugonjwa, na mficha maradhi kifo humuumbua. Wakaguzi nao nawasihi: mkimaliza kupima breki na matairi, lalani chini ya basi muitikise propela kwa mkono. Kazi hiyo haitaki mashine wala umeme. Ikicheza, gari lisitoke stendi mpaka krosi ibadilishwe.