Magogo Yaliyoshuka kwa Kamba

Chelezo, yaani fungu la magogo yaliyofungwa pamoja yakaachwa yaelee, kilikuwa kwa karne nyingi chombo kimojawapo cha kuufikisha mti kiwandani katika nchi za Skandinavia, ambako maziwa ya misituni huungana na mito. Milima ya Usambara haikufaa kwa kazi hiyo ingawa haiko mbali na bandari ya Tanga, kwa kuwa vijito vyake huporomoka juu ya mawe badala ya kutiririka, na mto Pangani, unaopokea sehemu ya maji yake, hukatizwa na maporomoko ya Hale kabla ya kufika pwani.

Wakoloni wa Kijerumani walipoanza kuihesabu misitu ya Usambara kuwa mali, walilazimika kutafuta njia ya nchi kavu. Kati ya 1904 na 1910 ilijengwa reli ndogo kutoka Tengeni, karibu na Muheza, hadi Sigi, chini ya kijiji cha Amani. Lakini upana wake ulikuwa sentimita 75 na ule wa reli kuu ya Tanga mita 1, hivyo kila gogo lilishushwa na kupakiwa upya Tengeni.

Ubunifu mkubwa zaidi ulionekana Usambara Magharibi, katika msitu wa Shume, kwenye mwangati, mti wa jamii ya mreteni ambao mbao zake laini zenye harufu nzuri huchongeka vizuri kuwa penseli. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilitumia njia ya kamba za chuma iliyotengenezwa na Bleichert wa Leipzig, yenye urefu wa karibu kilomita 9, iliyoshuka takriban mita 1,500 hadi kituo cha reli cha Mkumbara. Kamba nene ilisimama imara juu ya minara, na magari madogo ya magurudumu yakabingirika juu yake huku gogo likining'inia kwa minyororo; kamba ya pili, nyembamba, ndiyo iliyokuwa ikitembea, na kwa kuwa ilizunguka kama mkanda, uzito wa gogo lililoshuka uliyavuta juu magari matupu. Tani 1 ikishuka mita 1,500 hutoa nishati inayolingana na uniti 4 hivi za umeme, kwa hiyo shida ya mafundi haikuwa kulisukuma gogo bali kulizuia. Mteremko ule ule ulioyaharibia maji sifa ya kuwa njia ndio uliogeuka injini.

Pwani nako kuna maji tele, lakini chelezo cha boriti za mkoko hakiendi mbali. Mti huelea kwa sababu ya hewa iliyomo katika vijitundu vyake, maana kuta za vijitundu hivyo zina uzito wa mara moja na nusu ya maji. Mkoko mbichi umeshikamana mno na umejaa maji, hivyo huzama. Ndiyo maana boriti, hasa za Rufiji na Lamu, zilisafiri hadi Ghuba ya Uajemi zikiwa ndani ya majahazi.

Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi ingali imesimama, nayo ni kituo cha taarifa cha hifadhi ya Amani. Mto Zigi, usiofaa kwa magogo, unapita karibu yake kuelekea bwawa la Mabayani, ambako jiji la Tanga huchota maji yake ya kunywa.