Filme Mpya ya Kuazima: Nani Anatuchagulia Kile Tunaona Nyumbani?



Siku ya posho, kisha saa sita, pita tu karibu na soko ya Kikula. Utakuta mutu mwenye meza, mwavuli, na diski zenye kupangwa mu nailoni. Zile za mbele njo anaita mpya. Ukiwa na falanga, unanunua. Kama anakujua, unaazima: unaacha kitu kidogo, kesho unarudisha. Na leo wengi hawachukue tena diski. Wanatoa flashi, kijana wa kompyuta anaijaza filme, wanaenda kuona nyumbani. Sisi wote tulikomea mu ile maisha.

Swali yangu leo iko hii: filme "mpya" inafikaka namna gani pale kwenye meza, na juu ya nini zingine hazifike hata siku moja?

Ninauliza juu ya kitu kimoja kilinipata. Rafiki mwenye nilisoma naye aliniazima DVD moja ya kweli, na kartoni yake, yenye ndugu yake alitumaka toka Ulaya. Jina yake: Makala. Ni filme ya Emmanuel Gras, Mufaransa, ya mwaka 2017. Inafuata mutu mmoja wa kijiji karibu na Kolwezi, Kabwita. Anaangusha muti mukubwa na shoka, anafunika tanuru na udongo, anapakia mifuko ya makala juu ya kinga, kisha anaisukuma kilometa karibu 50 mpaka mu Kolwezi. Barabarani malori yanamupita karibu kumuangusha, na kwenye barriere wanamuomba falanga. Hakuna mwanasinema ndani, na hakuna mutu anatafsiri. Watu wanasema Kiswahili, Kiswahili chetu.

Nilitia ile filme mangaribi. SNEL ilituhurumia, umeme haukuenda. Mama alikuwa anachambua sombe, hakuangalia sana. Kisha dakika mbili, tatu, aliacha mikono ndani ya bakuli. Akasema: "We! Huyu anasema kama sisi!" Aliangalia mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Ile filme iko ya mwaka gani?" Nikamujibu: 2017. "Na ilikuwa wapi muda wote huu?"

Sikukuwa na jibu. Ile filme ilipata zawadi kubwa ya Semaine de la Critique kule Cannes, mu Ufaransa. Watu wa Paris waliiona. Kolwezi iko upande wetu, ni barabara moja tu toka hapa Likasi, na Mama anaunguza makala kila siku. Kwa nini sisi njo wa mwisho?

Nilianza kutafuta. Nitawaelezea kile nilielewa.

1. Namna filme inafika

Filme inaanzia mu sala za sinema, kisha inauzwa mu diski ao mu intaneti. Pale njo mutu anaikopia na kuitupa mu mtandao. Mwingine mwenye kuwa na mega mingi anaichukua, anaiweka mu disque dur, anaiuzia wenye biashara. Disque dur inatembea: Lubumbashi, Kasumbalesa, Likasi, Kolwezi. Mwenye meza hakuchagua kitu. Anauza kile alipata, na alipata kile dunia nzima inakopia sana: filme za kupigana za Marekani, za Wahindi, za Nigeria. Filme ya mutu anasukuma kinga haikopiwe na watu mingi. Basi hakuna mutu mubaya mwenye anakataza Makala kufika kwetu. Hakuna tu mutu mwenye aliibeba.

Upande wa mashariki walitafuta dawa yao. Mu Dar es Salaam kulitokea watu wa kuelezea filme za kigeni mu Kiswahili, sauti yao juu ya sauti ya filme. Mwenye kujulikana sana ni Lufufu. Mu Kampala wanafanya vile mu Kiganda, njo wale wanaitwa VJ, kama VJ Jingo. Mu Kigali kulikuwa Yanga, mu Kinyarwanda, mwenye alikufa mu 2022. Na Tanzania ilitengeneza filme zake: ni nani kati yetu hakumujua Steven Kanumba? Alipokufa, tarehe 7 Aprili 2012, hata hapa watu walilia kama ni ndugu ya jirani. Tulimujua juu diski zake zilifika. Tunapenda kile kinafika.

2. Kile kiko ndani ya "20 mu 1"

Tufanye hesabu kidogo. Diski ya kawaida ya DVD inabeba giga 4.7. Ile ya tabaka mbili inabeba 8.5. Kwenye DVD ya kweli, filme moja inachukua giga nne mpaka nane hivi. Sasa ukitia filme 20 mu diski ya giga 4.7, kila moja inabakia na mega 235. Ni kama kuchukua mufuko mukubwa wa unga na kuuingiza mu pakiti ya sukari.

Namna gani inawezekana? Programu haiandike kila picha nzima. Inaandika picha moja, kisha inaandika tu kile kimebadilika. Ukuta wenye haukutembea hauandikwe mara ya pili. Programu za leo zinafanya ile kazi muzuri kupita zile za DVD ya zamani, lakini kuko mpaka. Ukikaza sana, kile kinakufa mbele ni kile kinatembea-tembea na hakina umbo: moshi, mavumbi, maji, giza. Njo maana mu "20 mu 1" usiku unakuwa vipande vya mraba, na uso wa mutu unakuwa kama umepakwa tope.

Sasa mufikirie Makala mu mega 235. Ile filme ni moshi wa tanuru, mavumbi ya barabara na usiku wa kutembea. Hata kama ingefika kwenye meza mu "20 mu 1", tungeona kinga inapita ndani ya mawingu. Wenye kuitengeneza walitumia nguvu yote juu tuone yale mavumbi.

3. Diski ya kweli na matatizo yake

DVD ya kweli nayo iko na mambo yake. Makampuni yaligawanya dunia mu zone. Marekani ni zone 1, Ulaya ya mangaribi ni zone 2, sisi na karibu Afrika yote chini ya Sahara tuko zone 5, lakini Afrika ya Kusini iko zone 2 pamoja na Ulaya. Lekteri yenye kufungwa kwa zone 5 itakataa diski yenye shangazi alituma toka Bruxelles. Diski haijaharibika, lekteri inatii tu. Kwa bahati, lekteri mingi za bei ndogo za Uchina zinakubali zone zote. Ukinunua lekteri, uliza ile swali mbele ya kulipa.

Na chunga diski. Ina unene wa milimita 1.2, na maandishi yako katikati, kati ya vipande viwili vya plastiki. Mukwaruzo wenye kuzunguka na diski unaua kuliko ule wenye kukata toka katikati kwenda inje. Basi ukipanguza, usizungushe kama unaosha sahani: toka katikati, nenda inje, na kitambaa cha pamba. Zile za kukopiwa nyumbani ziko na rangi ndani yenye kuogopa jua na joto. Diski yenye ilikaa saa sita mu jua ya soko imeanza kuzeeka mbele ya wewe kuinunua.

4. Wazee wetu nao walichaguliwa

Hii mambo si ya leo. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa tume ya kuchunguza filme: zingine mweusi aliruhusiwa kuona, zingine hapana. Union Minière ilionyesha wafanyakazi wake filme zenye yenyewe iliona ziko za faida kwao. Kule Luluabourg, mu miaka ya 1950, padri Van Haelst alitengeneza Matamata na Pilipili, watu wakacheka sana. Lakini padri njo alikuwa anaamua tucheke nini.

Kisha tulianza kujionyesha wenyewe. Kundi ya Mufwankolo ya Lubumbashi ilicheza mu redio na mu tele, mu Kiswahili ya Katanga, na wazazi wetu wanaikumbuka mpaka leo. Mu 1986 walitengeneza muchezo juu ya ile neno kwamba mamlaka inakuliwa nzima. Leo, ukitaka kusoma namna walivyoutayarisha, neno kwa neno, unafungua kitabu ya profesa Johannes Fabian, yenye ilitoka mu Marekani mu 1990. Ninamushukuru yeye sana. Lakini mu nyumba ngapi za Likasi utakuta kaseti ao diski ya Mufwankolo, mutu akuazime leo?

Na kuko ile yenye inatuhusu kabisa. Mu 2016 Netflix ilitoa The Siege of Jadotville. Jadotville ni sisi! Ni jina ya Likasi mbele ya 1966. Filme inaelezea wanajeshi zaidi ya 150 wa Irlande, wa ONU, wenye walizungukwa hapa mu Septemba 1961. Hii moja ilifika kwenye meza, juu iko na bunduki. Lakini ilitengenezwa mu Afrika ya Kusini, na kilio yake iko kwa wale wanajeshi. Wababu wetu, wenye walilala chini ya vitanda zile siku, ni watu wa nyuma ya picha. Sisemi filme iko mubaya. Ninasema: kama njo hiyo peke yake inafika, mutoto wa Likasi atajua jina ya komanda Quinlan, na hatajua babu yake alikimbilia wapi.

5. Tufanye nini?

Si zambi kuona filme za kupigana. Mimi mwenyewe ninaziona. Ninaomba tu kitu kimoja: chama iwe na sanduku ya filme za kuazima. Si mashine, si ofisi. Sanduku, daftari, na mutu mwaminifu.

Ndani tuanze na chache zenye zinatuhusu. Makala. Katanga Business ya Thierry Michel, ya 2009, juu ya migodi yetu na wenye kuikula. Augure ya Baloji, muzaliwa wa Lubumbashi, yenye ilipata zawadi Cannes mu 2023. La vie est belle ya 1987, na Papa Wemba ndani, wazazi wacheke nao. Mwenye kuwa na ndugu Ulaya amuombe diski moja tu, asitume viatu ile mwezi.

Sheria je? Ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mwenye kutunga, na filme iko ndani. Kuona diski ya kweli nyumbani na jamaa yako ni kitu kimoja. Kuikopia na kuuza, ao kukusanya watu mu sala na kulipisha, ni kitu kingine, unahitaji ruhusa. Lakini kuomba ruhusa si vita. Tutamuandikia mwenye filme barua: sisi ni chama ya wanafunzi na wenye kumaliza, tuko Likasi, tunaomba kuonyesha filme yenu mara moja, bure. Akikataa, hatukupoteza kitu.

Masharti ya sanduku yawe mepesi: diski moja kwa mutu mmoja, siku tatu, jina na saini mu daftari. Mwenye kukwaruza analeta ingine. Na mwenye kurudisha aandike mustari mmoja: nani aliona naye, na ule mutu alisema nini. Mimi nilisoma agronomi miaka mingi, nikajifunza juu ya miombo, kwamba kilo moja ya makala inakula kilo nyingi za miti. Nilijua ile hesabu kwa kichwa. Lakini sikuwaza hata siku moja juu ya mabega ya mutu mwenye kuisukuma mpaka niliona Makala. Na Mama, mwenye hakusoma agronomi, kesho yake aliacha kubishania bei na muuza makala wetu. Ile mistari ya daftari itakuwa mali yetu kuliko diski zenyewe.

DVD ya rafiki nilirudisha, juu kitu cha kuazima ni deni. Lakini mbele ya kuirudisha, mama wawili wa jirani walikuwa wamekuja kugonga: "Tunasikia muko na filme yenye inasema kama sisi. Mutatuazima siku gani?"

Nilikosa cha kuwajibu. Tukiwa na sanduku, mara ingine nitawajibu.