Dege Lililoruka Kitanda cha Pili

Paukwa! Nimewasikia. Haya, sogeeni, na wewe uliye mlangoni kaa chini, mbu wanaingia.

Zamani huku pwani, mtoto akishikwa na homa kali, macho yakageuka na viungo vikaanza kurukaruka, wazee walikuwa na jina la ugonjwa ule: degedege. Walisema dege la kishetani limempitia mtoto. Msiwacheke. Walikuwa wameona kitu cha kweli, kwamba kuna adui asiyeonekana aliyeingia mwilini. Leo tunajua kuwa baadhi ya zile degedege zilikuwa malaria iliyopanda kichwani.

Lakini lilibaki swali. Chumba kimoja, vitanda viwili, ndugu wawili wa tumbo moja, mbu walewale. Mmoja analala hoi, hajitambui. Wa pili anapata homa, anameza dawa, keshokutwa yuko uwanjani anadai mpira. Kwa nini dege liliruka kitanda cha pili?

Sababu ni nyingi. Labda alipewa dawa mapema, au mwili wake ulikwisha kujifunza kupigana kutokana na homa za nyuma. Mimi nataka kuwasimulia sababu moja tu, nayo mtu huzaliwa nayo. Imo katika ngozi ya chembe nyekundu za damu.

Chembe hiyo ina umbo la andazi lililobonyezwa katikati, nayo ni ndogo mno, huioni bila hadubini. Mbu jike wa aina ya anofelesi aliyebeba vimelea vya malaria akikuuma hukutemea vimelea hivyo. Vimelea hukimbilia kwenye ini, huzaana humo kimyakimya kwa siku kadhaa, kisha humwagika kwenye damu. Hapo kila kimelea hutafuta chembe ya kuingia, na hiyo kazi huimaliza kwa muda usiofika dakika moja. Ndani hula na kuzaana, na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka, vimelea vipya zaidi ya kumi hutoka mbio kutafuta nyumba nyingine. Ule mtetemeko unaokufanya uombe mablanketi matatu saa sita mchana huja wakati chembe zinapopasuka.

Sasa ngozi za chembe hazifanani kwa watu wote. Mwaka 1901, huko Vienna, daktari Karl Landsteiner alieleza kwamba damu za watu zina makundi. Lile tunaloliita O yeye aliliita C. Mwenye kundi A ana sukari ya aina yake juu ya chembe zake, mwenye B ana nyingine, mwenye AB anazo zote mbili, na mwenye O hana hata moja kati ya hizo. Haya hurithiwa: fungu moja kwa mama, fungu moja kwa baba. Mama wa A na baba wa B wanaweza kabisa kuzaa mtoto wa O, kwa kuwa kila mmoja huenda amebeba O iliyojificha. Nasema hivi msije mkaanzisha ugomvi nyumbani.

Mmewahi kutega ndege kwa ulimbo? Ndege akitua, miguu hunasa, akipiga mabawa na mabawa hunasa. Kimelea cha falciparum, kile kikali kuliko vyote, hupaka ulimbo wa namna hiyo. Chembe iliyoambukizwa hunata na chembe nzima zilizo jirani, zikaizunguka kama petali za waridi. Mashada haya huziba mishipa myembamba, na ikiwa ni mishipa ya ubongo, ndiyo zile degedege. Ulimbo huo hushika vizuri juu ya zile sukari za A na B. Kwenye chembe za O hushika kwa ulegevu, na shada huachana upesi. Utafiti uliofanyika kwa watoto wa Mali na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wenye O walikuwa na nafuu kubwa dhidi ya malaria kali. Nimesema malaria kali. Homa yenyewe mtoto wa O huipata kama wengine, na anaweza kufa nayo.

Kuna kimelea kingine, vivax. Hicho ni kama jahazi linalojua gati moja tu. Gati lake kwenye chembe linaitwa Duffy, jina la mgonjwa wa Uingereza ambaye damu yake ndiyo ililifichua mwaka 1950. Watu wengi sana wa Afrika Magharibi na ya Kati hawana gati hilo kwenye chembe zao nyekundu, kwa sababu ya herufi moja tu iliyobadilika katika jeni yao. Mwaka 1976 Mmarekani Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba hii ndiyo sababu vivax haikuwashika. Kimelea naye si mjinga: miaka ya karibuni, Madagaska na Ethiopia, vivax imeonekana hata ndani ya watu wasio na Duffy.

Ninayoipenda mimi ni hadithi ya Kilifi, hapa pwani ya Kenya, na si kwa sababu ni ya kwetu tu.

Kwa baadhi ya watu wa Kilifi, jeni mbili jirani zilichanganyika zamani zikazaa protini chotara kwenye ngozi ya chembe. Kundi hilo la damu linaitwa Dantu. Afrika Magharibi ni adimu. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba aina hii ya damu hupunguza hatari ya malaria kali kwa kiasi cha 40%, na aliyeirithi kwa baba na kwa mama hukingwa zaidi. Kinga gani hiyo, ikiwa falciparum ina milango mingi ya kuingilia? Walidhani mlango mmoja umezibwa. Wakachukua damu ya watoto 42 wazima wa Kilifi, wengine wenye Dantu na wengine wasio nayo, wakapiga video kupitia hadubini vimelea vikivamia chembe.

Majibu yalichapishwa mwaka 2020. Mmeona wapiga ngoma wanavyoiweka karibu na moto kabla ya kuanza? Ngozi hukaza. Ngoma iliyolegea ukiibonyeza kwa kidole hubonyea, iliyowambwa barabara hukirudisha kidole. Kimelea kikitaka kuingia lazima kwanza kiibonyeze ngozi ya chembe na kuifinyanga. Chembe za Dantu zimewambwa. Kimelea hufika, hugusa, husukuma, hushindwa. Na hata kwa watu wasio na Dantu, zile chembe chache zilizokaza kuliko nyingine ziliponea. Kwa hiyo mlango haukuzibwa. Ukuta wote ndio ulikazwa, na sasa wanasayansi wanawaza kama dawa inaweza kuikaza ngozi ya chembe kidogo tu, kwa mtu ambaye hakurithi.

Mtoto wa kitanda cha pili huenda alirithi ngoma hiyo. Huenda ni O. Yeye mwenyewe hajui, wala mama yake. Kile kitone wanachokutoa kidoleni zahanati huonyesha kama una vimelea. Dantu hakionyeshi. Basi mtoto akichemka mwili apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, hata kama kaka yake mwaka jana alipona bila shida. Na wewe wa mlangoni, shusha chandarua.